Nosim Alipovua Surutia

Tangu asubuhi ile alipozitoa surutia masikioni, Nosim hakulala usingizi wa maana, wala hakula chakula kikakaa tumboni. Alizifunga katika kipande cha ngozi, akazisukuma ndani ya kibuyu kikuukuu nyuma ya kitanda, kisha akajifunga kichwani kitambaa cheupe cha amerikani na kukivuta mpaka kikafunika mashavu. Mtu akimtazama mara mbili, moyo unamwenda mbio. Mbwa akibweka njiani, anaacha jembe na kusikiliza. Alikuwa akingoja habari, na habari yenyewe aliiogopa kuliko kitu chochote.

Surutia si pambo la kujirembea. Ni shaba mbili zilizosokotwa mviringo, zinaning'inia kwenye ukanda wa ngozi, moja kila sikio, na kwa Waarusha, kama kwa ndugu zao Wamasai, mwanamke huvishwa akishaolewa. Ukimwona nazo unajua huyu ana mume na mumewe yu hai. Hazivuliwi ovyo. Zinavuliwa siku mume anapokufa, basi. Sasa mume wa Nosim, Lerionka, hakuwa amekufa, angalau hakuna aliyesema amekufa. Askari wa boma la Wajerumani pale Arusha walikuwa wamemtwaa pamoja na wanaume wengine wa upande wa Sakina, wakatwishwa mizigo ya kupeleka Kondoa. Masika yalianza wakiwa njiani, yakanyesha yote, yakaelekea kwisha, na hakuna mmoja wao aliyerudi.

Aliyemwambia azivue ni mwalimu Eliamini. Huyu alikuwa kijana wa Uchagani, kanzu safi, sauti nzuri ya kuimbisha, mcha Mungu kwelikweli, wala simsingizii. Alitumwa na wamisionari kufundisha watu wa mlimani waliotaka ubatizo, naye alijifunza Kimaa kwa bidii mpaka wazee wakaacha kumcheka. Ila alikuwa na ugonjwa wa wacha Mungu wengi: cha nje alikiona upesi. Mwanzoni aliwaambia wanafunzi wake waache kujipaka mafuta na udongo mwekundu. Baadaye ikawa pombe ya asali. Ikafuata ngoma, ikafuata ushanga. Kila walipokutana kulikuwa na kitu kingine cha kuacha, na mwalimu akifurahi akiwaona wanapunguza mapambo, kana kwamba shetani mwenyewe alikaa kwenye ushanga.

Nosim aliacha vyote bila kunung'unika. Wenzake walimsifu, kumbe hawakujua kwamba yeye alikuwa akingoja. Alikuwa akingoja siku mwalimu atakapoitaja dhambi yake, ile iliyomleta, naye ajue la kufanya nayo. Mafundisho yakaenda, yakakaribia kwisha, na dhambi hiyo haikutajwa hata kwa mbali.

Yenyewe ilikuwa hivi. Mwaka uliotangulia, Nosim akiwa na mimba kubwa, usingizi ulimpitia mchana na ng'ombe wakaingia kwenye mahindi. Lerionka alirudi akayaona mahindi, akachukua fimbo. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake na hakulia. Lerionka alisimama mlangoni, akasema, "Utazaa mwingine," akaenda kuwatazama ng'ombe. Tangu hapo, kila alfajiri Nosim akiinama kupuliza moto, alisema neno moja moyoni: afe. Hakulaani kwa mdomo. Hakwenda kwa laiboni, mganga wao, kutafuta dawa. Alilisema tu, leo na kesho, mpaka likawa kazi mojawapo ya asubuhi. Kisha siku moja alimtazama mumewe akinywa uji, akajiona anahesabu jinsi anavyopumua, na akajiogopa. Ndipo aliposikia kwa jirani yake Anyesi kwamba kule kwa wamisionari wanamhubiri Mungu anayeondoa dhambi za watu. Akaenda.

Agizo la shaba lilikuja wiki chache kabla ya Pentekoste. Mwalimu alisema Bwana mchungaji atakuja kubatiza Jumapili hiyo, na kwamba hatabatizwa mtu mwenye shaba ya kipagani mwilini. Wengine halikuwagusa sana. Anyesi alikuwa mjane, zake zilikwisha vuliwa zamani; waliobaki walikuwa wanaume na wasichana. Wote wakageuka wakamtazama Nosim.

"Mwalimu," alisema Nosim, "mume wangu yu hai."

"Tumshukuru Mungu," alijibu Eliamini kwa furaha. "Naye tutamwombea aje siku moja."

Ndivyo walivyoelewana. Nosim alitaka kusema zaidi, lakini angesemaje? Angefungua mdomo kuhusu Lerionka, lingetoka lote. Akajiambia kwamba labda hii ndiyo bei yenyewe, kwamba dhambi kubwa kama yake haiondoki kwa kuacha pombe na ngoma tu, inataka kitu kizito.

Basi akazivua. Na hapo ndipo pabaya. Ukanda wa pili ulipotoka sikioni, shingo yake ikawa nyepesi, na moyo wake ukasema, amekufa. Kabla hajauzuia, ulikwisha furahi. Ilikuwa furaha fupi, ya kufumba na kufumbua, lakini aliiona wazi na hakuweza kujidanganya kwamba hakuiona. Akakaa chini hapo hapo penye kitanda. Ile afe ya kila asubuhi ilikuwa neno tu. Hii sasa aliifanya kwa mikono yake mwenyewe, na Lerionka alikuwa porini, katika mvua, na mzigo kichwani.

Hofu haikumwacha. Akisema nizivae tena, anakumbuka Pentekoste: atabaki na dhambi yake mpaka lini? Akisema nisizivae, anamwona Lerionka amelala kando ya njia, wenzake wanamruka wanaendelea. Alijaribu kusali na maneno hayakuja, maana angeanza vipi? Kwa kuomba mume arudi salama? Mungu angemcheka. Alizunguka na kitambaa chake mashavuni, roho mkononi, akisema ndiyo na hapana pasipostahili, mpaka mama mkwe wake akamwuliza kama ana homa.

Mama mkwe aliitwa Naipanoi. Alikuwa mwanamke mkavu, mrefu, asiyependa maneno mengi, na Lerionka alikuwa mwanawe wa pekee aliyebaki. Waliishi boma moja, nyumba mbili zinazotazamana, na ndiye aliyemvisha Nosim surutia kwa mikono yake siku ya harusi. Kwa habari za wamisionari alikuwa na neno lake moja tu: "Mtu aliyeshiba hutafuta la kufanya."

Siku mambo yalipoharibika, mvua ilimkuta Nosim shambani. Alirudi ameloa chapachapa, na kwa kuwa alimwona mama mkwe akishuka mtoni, alikitoa kitambaa akakianika juu ya moto. Naipanoi hakufika mtoni. Alikumbuka kibuyu cha maziwa, akarudi. Nosim aliona nyumba inaingia giza, akageuka, na mkono wake ukaenda sikioni ukiwa umekwisha chelewa.

Naipanoi alimtazama sikio moja, akamtazama la pili. Kibuyu kikamtoka mkononi.

"Nani amekuletea habari?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Nosim alifungua mdomo. Jibu lilikuwa rahisi: hakuna. Lakini nyuma ya jibu hilo lilisimama swali, basi mbona umezivua? Na nyuma ya swali hilo yalisimama mambo yote, mahindi, fimbo, mtoto asiyelia, neno la alfajiri. Alichofanya ni kutikisa kichwa, na Naipanoi akaelewa alivyoelewa, kwamba mwanawe amekufa. Alitoka nje akapiga ukelele ambao Nosim hakupata kuusikia tena maishani mwake, wala hakutaka.

Utasema angemkimbilia, angemshika, angepiga kelele kwamba si kweli. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa umekaa. Alipopata miguu na kutoka nje, majirani walikwisha jaa uwanjani. Wanawake walikuwa wamemshika Naipanoi mikono asijiumize. Simel, ndugu wa marehemu baba yake Lerionka, alikuwa akija mbio kupitia migombani na fimbo yake. Kila dakika aliyokaa kimya iliifanya inayofuata kuwa ngumu zaidi. Mtu aliuliza maiti iko wapi, mwingine akajibu kwamba wapagazi huzikwa walipoanguka, siyo habari ya kuuliza. Wembe ukaletwa. Nosim alisimama akitazama nywele za mama mkwe wake zikidondoka, nyeupe na nyeusi, na shanga zake zikivuliwa moja moja, na hakusema neno.

Waliketi msibani. Na kwa kuwa kwa watu wale jina la marehemu halitajwi, Naipanoi hakulitaja tena. Alisema "yule mwanangu." Alisema "yule aliyependa maziwa mabichi." Kila alipofanya hivyo Nosim aliona kama yeye mwenyewe ndiye anayemzika Lerionka kwa mikono yake. Wanawake walimkalia karibu, wakamshika bega, wakaambiana, "Mwacheni, huyu alimpenda mumewe. Ndiyo maana hata kulia kumemshinda." Hayo ndiyo yaliyomwumiza zaidi. Matusi angeyavumilia.

Kesho yake mchana mwalimu Eliamini alifika pamoja na Anyesi. Alikuwa ametembea kwenye tope kutoka misheni, kanzu imeloa mpaka magotini, na uso wake ulionyesha huruma ya kweli. Nosim aliwapeleka nyuma ya nyumba, penye migomba, wanawake wasisikie.

"Pole sana, mama," alisema mwalimu. "Nimesikia jana jioni. Tumekuombea wote."

"Asante, mwalimu."

"Najua ni uchungu. Lakini nataka uone jinsi Mungu anavyofanya kazi." Alisogea, akashusha sauti. "Nilikuwa na wasiwasi juu yako. Mume asiyeamini angekurudisha nyuma baada ya ubatizo, nimeona kwa wengine. Sasa kizuizi kimeondoka. Bwana amekufungulia njia."

Nosim alimtazama. Maneno yale aliyajua. Ndiyo yale yale ya moyo wake siku ya kuvua, isipokuwa sasa yalikuwa yamevaa kanzu. Kwa mara ya kwanza tangu azivue, hasira ikaishinda hofu.

"Hajafa," alisema.

"Mama?"

"Hakuna aliyeleta habari ya kifo. Nilizivua kwa sababu uliniambia nizivue. Kwetu sisi zinavuliwa mume akifa. Mama yake ameniona masikio matupu, akalia. Sikumzuia. Amenyolewa, mwalimu. Mwanawe yu hai labda, na yeye amenyolewa."

Anyesi alijishika kinywa. "Nosim! Mimi nilidhani umemwuliza mama mkwe wako, akakubali!"

Eliamini alibadilika rangi. Alitazama migomba, akatazama kanzu yake. "Sikujua," alisema. "Kwa kweli sikujua. Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia mume wangu yu hai."

Hapo alikumbuka, ikaonekana. Hakuwa mtu mbaya. Lakini alikwisha mwambia Bwana mchungaji kwamba wanafunzi wake wote wameacha shaba, na agizo alilitoa mbele ya watu, na akiliondoa kwa mmoja leo, kesho atakuja mwingine na ushanga wake na sababu zake. Aliyasema yote hayo, huku akiifinyafinya kofia yake. Mwisho akasema kwamba Nosim awaambie watu ukweli, hilo ni lazima. Ila akizivaa tena, Jumapili hataitwa kubatizwa.

"Sawa," alisema Nosim. "Sasa nikuulize. Tangu nimeanza kuja kwako umeniuliza habari ya mafuta, pombe, ngoma, ushanga, na masikio. Mbona hujaniuliza hata siku moja kwamba, Nosim, una nini moyoni?"

"Una nini?"

"Nilitaka afe." Alilisema bila kupunguza sauti. "Alinipiga, mtoto wangu akafa, nami nikataka afe. Kila siku. Na nilipozivua hizi nilifurahi. Hiyo ndiyo iliyonileta kwako. Niivue vipi hiyo?"

Mwalimu alianza kusema kitu akakiacha, akaanza tena. Matone yalikuwa yakidondoka kutoka majani ya migomba.

"Haivuliki," alisema mwishoni, na sauti yake haikuwa ile ya darasani. "Mimi pia ninayo yangu. Haivuliki, mama. Kwa ajili ya hiyo Yesu alikufa." Akasimama kidogo, kama mtu aliyejisikia akisema jambo jipya kwake, kisha akaaga na kuondoka na tope lake. Anyesi alimfuata akigeuka nyuma mara kwa mara.

Nosim alibaki pale migombani. Alikwisha sema lile neno kwa mtu mmoja, na bado alikuwa amesimama kwa miguu yake. Ilibaki kulisema mahali ambapo lingemgharimu. Alipiga moyo konde, akaingia ndani, akakitoa kibuyu kikuukuu nyuma ya kitanda, akatoka uwanjani, akapiga magoti mbele ya Naipanoi na surutia mikononi.

"Yeyo," alisema, yaani mama, "hakuna aliyeniletea habari. Mwanao hajafa ninavyojua mimi. Nilizivua ili nibatizwe. Uliponiona nilinyamaza kwa sababu niliona aibu, maana siku nyingi nilikuwa nikitaka afe. Unajua ni kwa nini. Lakini nilitaka. Ndiyo hivyo."

Kofi alilopigwa lilisikika mpaka njiani. Naipanoi alikuwa amesimama, kichwa kitupu.

"Umeninyoa!" alisema. "Umeninyoa kwa ajili ya mtu aliye hai!"

Kukazuka zogo. Wako waliosema amemroga. Wako waliosema ni hao wamisionari. Simel aligonga fimbo chini, akasema mwanamke huyu arudishwe kwa baba yake leo hii, na akifika huko wamfanye wanavyotaka. Nosim hakuinuka. Hakujitetea, maana hakuwa na la kujitetea, na jambo la ajabu ni kwamba kifua chake kilikuwa kimepata nafasi ya kupumua. Aliogopa, ndiyo. Alimwogopa Simel, aliogopa njia ya kurudi kwa baba yake, alimwogopa Lerionka akirudi na akiambiwa. Lakini ile hofu nyingine, ya kujulikana, ilikuwa imekwisha kazi.

"Haendi popote," alisema Naipanoi. "Atakaa hapa mpaka mwanangu aonekane, hai au maiti."

Akazinyakua surutia mikononi mwa Nosim, akamvisha yeye mwenyewe, akizivuta zile kanda kwa nguvu mpaka masikio yakauma. Kisha akaingia nyumbani mwake akafunga mlango.

Zikafuata siku ngumu. Naipanoi hakusema naye. Chakula alichopika Nosim kiliachwa chunguni. Majirani walipita mbali. Na Pentekoste ilikuwa ikija, nayo haikumhusu tena: amezivaa tena, hatabatizwa, hatasafishwa. Alipopiga magoti kusali aligundua kwamba hana kitu chochote cha kumpelekea Mungu. Zamani alikwenda na pombe aliyoiacha, na ngoma aliyoiacha, akaviweka mbele kama mtu apelekaye maziwa kwa mzee anayemwogopa. Sasa mikono mitupu. Basi akasema tu lililokuwepo. "Nilitaka afe. Ni mimi. Na kile alichonifanyia bado kinaniuma." Akangoja apigwe. Hakupigwa. Hakuona nuru wala hakusikia sauti, sitakudanganya. Aliinuka na kuendelea kumenya ndizi. Lakini alikumbuka maneno ya mwalimu pale migombani, kwa ajili ya hiyo Yesu alikufa, na akayarudia huku akimenya, kwa wasiwasi, kama anayejaribu daraja kwa mguu mmoja. Kisha akaamua kulikanyaga. Usiku huo alilala.

Siku chache kabla ya Jumapili ile alitokea mtu njiani, amekonda, anachechemea. Alikuwa Kasaine, mmoja wa wale waliotwishwa mizigo. Aliona boma la watu walionyolewa, akauliza kulikoni. Naipanoi alimshika shuka lake la begani kwa mikono miwili.

"Lerionka?" alisema Kasaine. "Yuko Kondoa. Funza wamemla miguu, hawezi kutembea, lakini anakula na anatukana watu. Akipona atakuja. Ameniambia niwasalimu."

Naipanoi alikaa chini palepale akacheka, akalia, akacheka. Nosim alisimama mlangoni pake, akautazama moyo wake kwa hofu kuona utafanya nini. Uchungu wa mtoto ulikuwepo. Hasira ilikuwepo, na alijua Lerionka atarudi yule yule na fimbo yake, na kwamba siku hiyo atakuwa na maneno ya kumwambia usoni. Lakini aliposikia yu hai hakusikitika. Alilitafuta lile neno la zamani mahali lilipozoea kukaa, na hakulikuta. Akaenda kumpa Kasaine maji ya kunywa.

Asubuhi ya Pentekoste Nosim alijifunga kitambaa chake. Hakuwa amekatazwa kusimama nje ya kanisa. Alipofika njiani alisikia hatua nyuma yake, na alikuwa Naipanoi, na fimbo yake, na kichwa chake chenye nywele fupi zilizoanza kuota.

"Nataka kupaona huko," alisema Naipanoi, na hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu lile kofi.

Walisimama nje ya kanisa la miti na nyasi, penye dirisha. Ndani waliimba. Bwana mchungaji aliwaita mmoja mmoja, Anyesi naye akaitwa, maji yakamwagwa juu ya vichwa vyao. Eliamini alisimama pembeni na kitabu chake. Alipoinua macho akamwona Nosim dirishani na shaba zake mbili, alipotea katika wimbo, ikabidi wengine waendelee bila yeye. Nosim alitazama mpaka mtu wa mwisho. Alilia, maana alikuwa ameyataka sana maji yale.

Naipanoi alikuwa akitazama vilevile. Baadaye alisema, bila kumgeukia, "Baba yake Lerionka naye alikuwa na fimbo."

Nosim alimgeukia.

"Mimi sikuzivua mpaka alipokufa," alisema Naipanoi. "Nilifuata desturi yote. Na siku ile nililia kuliko wake wote wa ukoo, nikajigaragaza chini, wakanishika. Nililia hivyo ili wasijue kwamba nimefurahi." "Sijamwambia mtu. Sasa niambie wewe. Huyu Mungu wenu, mtu akimwambia jambo kama hilo, hamfukuzi?"

Ndani walikuwa wakisali, na mlango ulikuwa umefungwa.

"Mimi hajanifukuza, yeyo," alisema Nosim.